Mtumbwi wa Msafiri Mmoja: Namna ya Kuchagua Chombo cha Safari ya Siku Kadhaa katika Ziwa Nyasa

Wapo wakazi wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe ambao riziki huwashusha kutoka milimani hadi ziwani. Mmoja hupeleka viazi, ndizi na maparachichi katika vijiji vya pwani, akarudi na dagaa wakavu. Mwingine ana ndugu ng'ambo ya Matema, mahali ambapo njia ya maji ni fupi kuliko njia ya miguu. Mwingine huvua kwa siku tatu au nne mfululizo, akilala ufukweni. Baada ya kulipia nauli za vyombo vya wengine kwa muda mrefu, mtu wa namna hii huamua kununua mtumbwi wake mwenyewe.

Hapo ndipo hatari huanza. Mtu aliyelelewa kando ya ziwa hujua mtumbwi mbaya kwa kuutazama tu. Aliyelelewa kwenye mashamba ya chai na migomba huona rangi, urefu na bei. Tumeandika mwongozo huu kwa ajili ya mnunuzi huyo wa pili, hasa yule anayekusudia kusafiri peke yake kwa siku zaidi ya moja.

Ushauri wetu mkuu ni huu: msafiri mmoja achague mtumbwi ambao yeye mwenyewe, bila msaada wa mtu, aweza kuupakua na kuuvuta hadi nchi kavu. Sifa nyingine zote hufuata baada ya hiyo. Sababu zake zimo katika ziwa lenyewe.

Ziwa unalolinunulia chombo

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na kina chake hufika takriban mita 700. Matema na Itungi ziko kwenye ncha ya kaskazini. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wengi ziwani huuita mwera, huvuma kwa nguvu hasa katika miezi ya kiangazi ya baridi, kuanzia mwezi Mei hadi Agosti. Upepo huo hufuata urefu wa ziwa, na kadiri unavyopita juu ya maji kwa umbali mrefu ndivyo mawimbi yanavyokua. Kwa hiyo mawimbi yanayofika upande wetu yamekwisha kusafiri mbali na kupata nguvu. Mara nyingi asubuhi maji hutulia na mchana upepo huamka, ila hakuna anayeweza kukuahidi kwamba ndivyo itakavyokuwa kila siku.

Upande wa mashariki, Milima ya Livingstone hushuka moja kwa moja hadi majini. Mtu aliyeondoka Matema kwenda Ikombe na kuendelea kusini kuelekea Lupingu hukutana na sehemu ndefu za miamba ambako hakuna pa kutua. Fukwe zipo, lakini nyingine ni nyembamba, na wimbi hupiga karibu na mguu wa mlima. Upepo ukibadilika, usalama wa mtu aliye peke yake ni kufika kwenye ufuo ulio karibu, kushusha mzigo na kuondoa chombo mahali ambapo mawimbi yanakifikia. Watu wanne waweza kubeba mtumbwi mzito. Aliye peke yake akishindwa kuuvuta hulazimika kuuacha upigwe na mawimbi hadi upasuke, au kubaki nao majini, jambo ambalo ni baya zaidi.

Anza na safari

Kabla ya kwenda kuangalia vyombo, andika kwenye karatasi uzito wa kila kitu utakachobeba. Mwili wako uwe wa kwanza. Ongeza chakula, sufuria, maji ya kunywa, turubai, blanketi, nguo kavu na vifaa vya kazi. Mwisho andika mzigo wa biashara. Orodha hiyo iwe ya siku ya kurudi vilevile, kwa kuwa wengi huondoka na mzigo mwepesi na kurudi na mzito.

Tumfikirie msafiri mwenye kilo 70, vifaa na chakula cha siku nne vyenye kilo 30, na bidhaa za kilo 30. Jumla ni kilo 130. Huyo anahitaji mtumbwi wa kawaida wa mtu mmoja. Mwenzake anayetaka kuongeza magunia mawili ya mpunga hana budi kupata chombo kikubwa na msaidizi, au kuupeleka mzigo wake kwa meli, kama vile MV Mbeya II iliyoanza kutoa huduma mwaka 2021, baada ya kuuliza ratiba bandarini. Kununua mtumbwi mkubwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hoja kwamba "huenda siku moja nikapata mzigo", ni kosa la gharama kubwa.

Aina za vyombo

Mtumbwi wa gogo. Huu ndio ubwato uliozoeleka pande zetu, uliochongwa kutoka mti mmoja. Hauna viungo vya kuvuja, na hata ukijaa maji, mti wenyewe huelea. Udhaifu wake ni uzito. Mtumbwi wa mninga wenye urefu wa mita 4.5 na kuta zenye unene wa sentimita 3 hadi 4 waweza kuzidi kilo 100, na huongezeka uzito unaponyonya maji. Aidha, baadhi ya mitumbwi ya gogo ina mdomo mwembamba kiasi kwamba mtu hukaa juu ya ukingo na kuingiza miguu tu. Mvuvi mzoefu huimudu mitumbwi hiyo. Mgeni mwenye mizigo hupinduka.

Mtumbwi wa mbao. Huu hutengenezwa kwa mbao zilizounganishwa juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo. Waweza kuwa mpana na mwepesi kuliko wa gogo, na ubao ulioharibika hubadilishwa. Kila kiungo, hata hivyo, ni mahali pa kuvuja, na huhitaji kukalafatiwa kila mara. Uliza mbao ni za mti gani. Mbao za msindano zisizotiwa dawa ni rahisi kupatikana katika nyanda zetu za juu, lakini huoza upesi zikikaa majini.

Chombo cha faibaglasi. Hiki hakiozi, ni rahisi kusafisha, na kinaweza kuwa chepesi. Lakini faibaglasi yenyewe ni nzito kuliko maji: chombo kisicho na vyumba vya hewa vilivyozibwa au povu la kuelea, kikijaa maji, kitazama. Mwulize muuzaji akuonyeshe vyumba hivyo. Akikosa kukuonyesha, chukulia kwamba havipo.

Vipimo vinavyofaa

Kwa msafiri mmoja mwenye mzigo tuliotaja, tunapendekeza chombo chenye urefu wa mita 4 hadi 5, upana wa sentimita 60 hadi 75 usawa wa maji, na kina cha ndani cha sentimita 40 hivi. Kifupi zaidi hulemewa na kuyumba. Kirefu zaidi humshinda mtu mmoja kukivuta na kukigeuza kwenye upepo.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kimo cha ukingo juu ya maji chombo kikiwa kimepakiwa. Kisiwe chini ya shubiri moja, yaani sentimita 20 hivi. Mtumbwi wenye urefu wa mita 4.5 na upana wa sentimita 60, wenye ncha nyembamba, huzama takriban sentimita 1 kwa kila kilo 18 zinazoongezwa. Gunia moja la kilo 100 basi hushusha ukingo kwa zaidi ya sentimita 5, na magunia mawili kwa sentimita 11. Chombo kilichokuwa na sentimita 23 za usalama kinabaki na 12, na wimbi la kawaida la alasiri linaingia ndani. Gunia la pili halionekani kuwa jambo kubwa mtu akiwa ufukweni. Ziwani ndilo linaloamua.

Jambo jingine humhusu mtu mmoja peke yake. Mitumbwi mingi huchongwa kwa ajili ya watu wawili, mmoja omo, yaani mbele, na mwingine tezi, yaani nyuma. Mtu mmoja akikaa tezi bila mzigo, omo huinuka juu ya maji, na upepo huusukuma kando kama jani. Atapiga kafi upande mmoja kutwa nzima ili kunyoosha njia, na nguvu zitamwishia kabla ya safari. Chagua chombo kinachokuruhusu kukaa karibu na katikati, au hakikisha kuna nafasi ya kupanga mzigo mbele hadi chombo kikae sawa.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kagua chombo mchana, kikiwa kikavu, na kikiwa kimegeuzwa. Usikubali kukagua chombo kilichopakwa rangi au lami jana. Rangi mpya huficha ufa wa zamani. Gonga kitako na kuta kwa kipande cha mti kuanzia omo hadi tezi. Mti mzima hutoa sauti kavu na kali, na mti uliooza ndani hutoa sauti nzito iliyofifia. Choma kwa ncha ya kisu mahali penye weusi, hasa kwenye ncha mbili na chini ya mahali pa kukaa, ambako maji hutuama. Kisu kikiingia kwa urahisi, mti umeoza.

Tazama nyufa zinazofuata urefu wa gogo. Ufa mdogo ulio juu ya usawa wa maji waweza kuzibwa. Ufa unaopita chini ya kitako hufunguka chombo kinapovutwa juu ya mawe. Angalia pia mabati yaliyopigiliwa: kila bati lina kidonda chini yake, nawe una haki ya kuomba liondolewe. Kama muuzaji hataki, mpe bei ya chombo chenye kasoro au umwache.

Tahadhari na miti laini. Mwembe, kwa mfano, huchongwa kwa urahisi na ni mwepesi mwanzoni, lakini hunyonya maji na kuoza upesi kuliko mninga au mvule.

Majaribio matatu

Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kufanya majaribio haya. Yafanyie karibu na ufuo, maji yakiwa kifuani, ukiwa umevaa jaketi okozi na kuna mtu anayekutazama.

La kwanza ni jaribio la mzigo. Jaza mifuko mchanga hadi ifikie uzito wa orodha yako, ipange kama utakavyopanga mizigo, kisha uingie. Pima ukingo kwa shubiri. Inamia upande mmoja, kisha mwingine. Piga kafi kwa nusu saa, uende dhidi ya upepo na kurudi, ndipo ukague maji yaliyoingia.

La pili ni jaribio la kupinduka. Toa mifuko, upindue mtumbwi kwa makusudi, kisha jaribu kuugeuza, kufuta maji na kupanda tena bila msaada. Usipoweza kufanya hivyo maji yakiwa kifuani na ziwa likiwa tulivu, hutaweza palipo na kina. Madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri na kukazwa kwa kamba kwenye ncha mbili husaidia sana, maana kila moja hubeba karibu kilo 20 chombo kinapojaa maji.

La tatu ni jaribio la nchi kavu, nalo ndilo linalosahauliwa. Tua ufukweni, shusha mifuko yote, kisha vuta mtumbwi peke yako hatua 10 kutoka ukingo wa maji. Unaruhusiwa kutumia vipande vya miti ya mviringo au vya mgomba kama vitelezi, ilimradi ni vile utakavyobeba safarini. Ukishindwa ukiwa umeshiba na umepumzika, fikiria hali yako jioni ya siku ya tatu, mikono imechoka na mvua inanyesha. Chombo hicho si chako, hata kama bei yake ni nzuri.

Vifaa vinavyohesabiwa katika bei

Mtumbwi peke yake haujakamilika. Katika bajeti yako weka jaketi okozi linalokutosha, kafi mbili, chombo cha kufutia maji kilichofungwa kwa kamba, kamba ndefu ya kufungia, nanga ndogo, tochi, filimbi, na mfuko usiopenya maji kwa ajili ya simu na kiberiti. Kafi la pili lifungwe ndani ya mtumbwi. Jaketi lijaribiwe majini kabla ya safari, nalo livaliwe mwilini wakati wote. Lililowekwa chini ya mizigo halimwokoi mtu. Kama fedha hazitoshi kwa mtumbwi na jaketi, subiri hadi zitoshe kwa vyote viwili.

Karatasi na haki zako

Kwanza, uliza mti umetoka wapi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka uvunaji wa miti katika misitu ya hifadhi uwe na kibali, na mlima wetu wa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mtumbwi uliochongwa kutoka mti ulioibwa msituni waweza kukuletea matatizo baada ya muuzaji kuondoka na fedha zako. Omba nakala ya kibali au hati ya kusafirisha mazao ya misitu.

Pili, kabla ya kulipa, mwone ofisa uvuvi wa halmashauri au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo husika, ujue usajili na leseni vinavyohitajika kwa kazi yako. Masuala ya usalama wa vyombo vya majini yako chini ya TASAC. Kama chombo kimekwisha kutumika, hakikisha jina lililo kwenye usajili ni la anayekuuzia.

Tatu, mweleze fundi au muuzaji matumizi yako waziwazi, mbele ya shahidi: "Fundi, nataka mtumbwi wa kunichukua peke yangu pamoja na mzigo wa kilo 60, nisafiri siku nne, na niweze kuuvuta mwenyewe." Maneno hayo yana uzito kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo, akijulishwa matumizi na mnunuzi akautegemea ujuzi wake, anawajibika kutoa bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Kinyume chake, mnunuzi aliyekagua chombo na kunyamazia kasoro iliyo wazi hujidhoofishia madai yake. Kagua, uliza, na andika.

Makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: majina, tarehe, aina ya mti, vipimo, bei, kiasi kilicholipwa, kasoro zilizokubaliwa, na saini za pande mbili na mashahidi. Kwa chombo kinachochongwa kwa oda, usilipe fedha zote mwanzoni; acha sehemu ya mwisho hadi majaribio matatu yakamilike. Mgogoro ukitokea na mazungumzo yakashindikana, karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka Mahakama ya Mwanzo, na malalamiko kuhusu udanganyifu wa kibiashara yaweza kupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Bei na subira

Linganisha bei kwa miaka ya matumizi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtumbwi wa shilingi 300,000 unadumu miaka 3, na mwingine wa shilingi 700,000 unadumu miaka 10. Wa kwanza umekugharimu shilingi 100,000 kwa mwaka, wa pili 70,000. Wa bei ya chini ndio ghali.

Ukishapata chombo chako, safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, karibu na watu. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa. Ondoka alfajiri, fuata ufuo, na tua kabla ya upepo wa mchana. Usipige kambi kwenye milango ya mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ambako kuna hatari ya mamba na viboko, na ambako masika maji hufurika yakibeba magogo. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kila ufuo unaokusudia kulala na siku ya kurudi, na mkubaliane atampigia nani simu usipoonekana.

Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Kwa mnunuzi wa mtumbwi tunaongeza kwamba dalili za chombo hicho huonekana mapema, kikiwa bado mchangani na fedha zikiwa bado mfukoni mwako. Ukiona hata moja, rudi Tukuyu na nauli ya basi. Wiki ijayo utapata mtumbwi mwingine.